Batobato Dirishani

Kila asubuhi, kabla chai haijachemka, Kija alichukua chupa ya kupulizia, akaenda kwenye dirisha la nyuma na kulinywesha kangaga lake la chunguni. Hakulimwagia maji. Alilipulizia juu kidogo ya majani, matone yakashuka yenyewe kama umande. Maji yalikuwa ya mvua, aliyoyakinga kwa ndoo chini ya bati. Yakiisha alichota ya bomba, akayaacha yalale usiku kucha hadi harufu ya dawa iishe. Halafu aliinama kutazama katikati ya kichaka kama kuna jani jipya. Jani la kangaga halichomozi kama majani mengine. Linatoka limejikunja, kama ngumi ya mtoto aliyelala, kisha linajifungua polepole, kidole baada ya kidole, na la Kija kila kidole kilikuja na mstari mweupe katikati, kijani kikiuzunguka pande zote kama upindo wa khanga.

Ijumaa hiyo kulikuwa na ngumi mbili. Kija alikuwa ndiyo kwanza anazinong'oneza, "Karibuni, karibuni," mara geti likapigwa kishindo hadi kitasa kikaruka.

"Hodi! Wenyewe mpo au mmehama?"

Sauti hiyo aliijua tangu tumboni. Aliiweka chupa chini, akatoka mbio na kandambili moja.

Mama yake, Paskazia, alikuwa amesimama nje ya geti kama aliyeteremshwa na mzigo badala ya yeye kuuteremsha mzigo. Kulikuwa na gunia la michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, ndoo ya dengu, begi kubwa lililofungwa kwa kamba ya katani, kigoda chake cha miguu mitatu, na jembe, makali yake yamefungwa kitenge. Kwapani alibana kuku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pokea kuku kwanza, mengine baadaye. Huyu ameninyea tangu Usagara."

"Mama, hukusema unakuja!"

"Nikisema utafagia hadi mawe ya mlima. Nimekuja kukusalimia tu. Siku mbili tatu."

Kija alilitazama begi. Akakitazama kigoda. Mlango wa jirani ukafunguka, akatokea Modesta, msusi, kitana kimechomekwa nywelani.

"Mama, shikamoo! Ee Kija, mgeni siku ya tatu ndiyo hupewa jembe, huyu wako amekuja nalo mwenyewe!"

"Marahaba, binti. Nikilala mbali na jembe langu mkono unaniwasha," alijibu Mama Paskazia, akacheka kicheko kirefu kuliko mzaha wenyewe.

Kija aliusikia urefu wa kicheko hicho. Lakini alikuwa mtu wa kusikia mambo na kuyaweka moyoni, si mtu wa kuyauliza. Alimbeba kuku, akaingia ndani.

Nyumba yenyewe iko Ilemela, kwenye mlima wa mawe, ile sehemu ambayo mafundi walijenga wakifuata nafasi walizoachiwa na mawe. Nyuma ya chumba cha Kija kuna jiwe kubwa kuliko nyumba, linachuruzika maji hata wiki nzima baada ya mvua, na dirisha la nyuma linatazamana nalo uso kwa uso. Mpangaji aliyetangulia alihama kwa sababu ya dirisha hilo. Alisema chumba ni giza na unyevu. Kija alihamia kwa sababu hiyo hiyo. Jua halifiki pale, ila mwanga unafika, mpole, na kangaga halitaki zaidi ya hapo.

Alikodi vyumba viwili, ingawa mtu mmoja anayeuza dawa kwenye duka la barabara ya uwanja wa ndege anatosheka na kimoja. Modesta alipouliza, alisema cha pili ni cha wageni. Ndani yake kulikuwa na kitanda, neti mpya, na shuka alizozibadilisha mara kwa mara ingawa hakuna aliyewahi kuzilalia. Wageni hawakuwapo. Chumba kilikuwa cha mama yake. Tatizo ni kwamba mama yake hakujua.

Kila Jumapili Kija alipiga simu kijijini Misungwi akiwa amejiandaa kusema, "Mama, njoo tukae wote." Na kila Jumapili, neno likishafika mdomoni, lilitoka limegeuka: "Mama, mvua imenyesha huko?" Baba alikuwa amefariki miaka kadhaa nyuma, na mama alikaa kwa Malimi, kaka yake Kija, pamoja na mkewe Winnie. Winnie alikuwa mtu mwema kabisa. Hapo ndipo penye ugumu. Kwao, mjane hukaa kwa mwanawe wa kiume. Akihamia kwa binti, tena binti asiyeolewa, watu hawaulizi anakwenda wapi. Wanauliza nani kamfukuza. Kija hakutaka Winnie asemwe kisimani. Zaidi ya hapo, aliogopa mama angesema hapana, na hapana ya mama yake ilikuwa haina mlango wa nyuma.

Sasa mama alikuwa amekuja mwenyewe. Siku mbili tatu. Kija alipokuwa anateremka mawe kwenda kazini alijiapiza: safari hii nitasema.

Kuhusu kangaga hakumweleza chochote, si leo, si kwenye simu. Angeelezaje? Alilinunua kwa wauza maua wa njia ya kwenda Kapripoint, likiwa na majani mawili na nusu, limeungua kwa jua. "Hilo kama unalitaka lichukue tu," muuzaji alimwambia, "limeshakata tamaa." Huruma ikamwingia Kija, hakuweza kuondoka na chochote kingine. Alilipandia udongo mwepesi, majani yaliyooza aliyoyakwangua kwenye nyufa za mawe, mchanga wa ziwani aliouosha, na mkaa uliopondwa ili maji yasituame. Akajifunza kwamba ule weupe hauwezi kujipikia chakula, ni kijani cha pembeni ndicho kinachoulisha, kwa hiyo mmea wa namna hii haukimbii. Unakua kwa hatua za mgonjwa anayepata nafuu. Akajifunza pia kukata jani lolote linalotoka kijani kitupu, maana hayo yana nguvu na yakiachwa huyafukuza yenye mistari. Kiangazi kikaja, mlima mzima ukawa wa rangi ya ngozi ya simba, na kangaga likabaki bichi vilevile. Kuanzia hapo likawa ni mtu wa nyumbani.

Lakini Mama Paskazia alikuwa na swali moja kwa kila kitu kinachoota: linaliwa?

Na hakuwa mkulima wa hivi hivi. Miaka ile batobato, ugonjwa wa majani, ilipomaliza mihogo, bwana shamba aliwakusanya akinamama, akawafundisha: jani likiwa na mabaka au michirizi isiyo yake, usilionee huruma. Ng'oa, zika, nawa mikono. Wengine walisikiliza kwa adabu, wakarudi nyumbani kuendelea na mambo yao. Mama Paskazia aliokoka. Aling'oa ya kwake, akang'oa ya jirani, akaingia hata shamba la katekista wakati mwenyewe yuko kwenye ibada, akang'oa mstari mzima. Katekista alinuna, lakini mwaka uliofuata mihogo yake ndiyo iliyokuwa minene kuliko yote, na tangu hapo akawa anamsalimia kwa kuvua kofia. Kijijini walimwita Mama Batobato, naye hakukasirika. Alilibeba jina hilo kama wengine wanavyobeba nishani.

Jioni Kija alirudi na samaki, sato wawili, na sentensi yake imeshiba mazoezi. Aliingia, akasalimia, akaenda moja kwa moja dirishani kama kawaida yake.

Chungu kilikuwa pale. Ndani yake kulikuwa na vipando vitatu vya marando, majani ya viazi vitamu, vimesimama kwa adabu kama watoto wa shule.

"Umeona?" Mama Paskazia alitokea nyuma yake, anajifuta mikono kwa furaha. "Mwanangu, Mungu ndiye aliyenileta. Ulikuwa unalala na ugonjwa chumba kimoja! Batobato ya namna ile sijawahi kuiona, imepiga jani kutoka shina hadi ncha, nyeupe pee! Nikageuza jani, chini nako kutu, mistari ya kahawia ukingoni. Magonjwa mawili kwenye mmea mmoja! Nikasema hapa sisubiri mtu."

"Uli... uling'oa?"

"Nikang'oa, nikazika, nikanawa mikono. Chungu nimekisugua kwa majivu. Kizuri kile, hakiwezi kukaa bure. Marando hayo baada ya wiki chache utakuwa unachuma mboga dirishani."

Kija alikitazama chungu. Mbele yake mama alikuwa anang'aa. Mikono yake mikubwa yenye nyufa ilikuwa bado na unyevu. Mwanamke aliyesafiri na kuku kwapani, na jambo la kwanza alilofanya nyumbani kwa bintiye ni kumwokoa.

"Asante, mama," alisema Kija.

Kisha akaenda bafuni, akafungua bomba kwa nguvu, akalia huku ndoo ikijaa.

Chakula cha jioni kilikuwa kizuri na cha adabu. Kija alimtengea mama mnofu wa mgongo, akamtandikia upya kitanda kilichokwisha kutandikwa, akamwekea maji ya kuoga ya uvuguvugu. Mama alimtazama akienda na kurudi.

"Kaa chini basi, tuzungumze."

"Nakuja, mama. Neti sijaichomeka vizuri."

Sentensi yake ya kutwa nzima ilibaki mahali fulani kati ya koo na bafu. Angemwambiaje mtu "kaa nami" wakati moyo mwingine unalilia ua? Alihisi kama angefungua mdomo, yote mawili yangetoka kwa pamoja.

Jumamosi alifanya kazi hadi mchana. Aliporudi, Modesta alimdaka getini, mikono yake imejaa mafuta ya nywele.

"Kija, mwenzangu, nimeharibu."

"Umeharibu nini?"

"Mdomo huu! Mama alikuwa ananisaidia kuchambua mchicha, tunacheka, ananisimulia habari za katekista sijui nani, nikasikia raha. Nikamuuliza, na lile ua, mchumba wa Kija, mbona silioni dirishani? Akasema, ua gani? Nikasema, lile la mistari, ambalo anaamka nalo, analala nalo, analipulizia kama mtoto mwenye homa. Kija, yule mama alinyamaza! Nimekaa naye tangu jana sijawahi kumsikia amenyamaza. Akachukua jembe, akaenda nyuma."

"Tangu saa ngapi?"

"Nenda tu, usiniulize. Mimi nina mteja nusu kichwa."

Mlangoni Kija alilipita begi kubwa. Lilikuwa limefungwa tena kwa kamba yake ya katani, fundo kwa fundo.

Mama Paskazia alikuwa nyuma ya nyumba, kwenye uchochoro kati ya ukuta na jiwe, amekaa kwenye kigoda chake. Jembe lilikuwa limelala pembeni. Mbele yake, juu ya kitenge kilichotandazwa, kulikuwa na bonge la udongo lenye ukubwa wa ngumi mbili na majani machache yaliyovunjika, meusi, yamelegea kama mboga iliyoiva mno.

"Mama."

Mama hakugeuka. "Jana nilipokuonyesha kile chungu, uliniambia nini?"

"Nilisema asante."

"Asante." Mama alilitafuna neno hilo kama lina mchanga. "Nimekung'olea kitu chako ulichokilea tangu mwaka jana, nimekizika kama paka wa barabarani, na wewe unaniambia asante. Hivi mimi unanishukuru kama nani, Kija?"

"Sikutaka kukuumiza, mama."

"Winnie yule mpole, siku nilipomimina maziwa yake ya mtindi nikidhani yameharibika, aliniwakia, kisha akaninunia hadi jioni. Nilifurahi! Nikajua hapa ni kwangu. Wewe unanipikia mnofu, unanitandikia, unanichotea maji ya kuoga kama mimi ni askofu. Mtu asiyegombezwa ni mgeni. Nimekuja kwa mtoto wangu, nikapokelewa kama mgeni."

Kija alisogea karibu. Alichuchumaa, akaliinua lile bonge kwa mikono miwili kwa sababu hakujua mikono ifanye nini kingine. Vidole vyake vikaanza vyenyewe kazi vilivyoizoea: kuondoa udongo mzito, kukata majani yaliyooza, kufuata lile shina la chini lenye manyoya ya kahawia kama mkia wa panya. Lilikuwa gumu. Halikuwa limelainika. Alilipindua, akapuliza udongo.

"Mama, tazama."

"Nini? Mnyoo?"

"Si mnyoo. Ni jani."

Mama aliinama hadi kitambaa chake cha kichwani kikagusa nywele za binti yake. Kwenye kifundo cha shina, kidogo kama punje ya mtama, kulikuwa na ngumi moja imefumbwa, kijani hafifu, na ukiangalia sana unaona utando mweupe ubavuni.

"Yesu na Maria," alisema Mama Paskazia. "Nimelizika na linazaa!"

"Halijafa. Shina lake ndilo lenye uhai, majani yatarudi. Tulipande sasa hivi, lisikauke."

"Tulipande," alikubali mama, tayari amesimama, tayari anakunja mikono ya gauni. Huzuni ilikuwa haijamtoka, lakini kazi imeingia, na kwa Mama Paskazia vitu hivyo viwili havikuwahi kukaa chumba kimoja.

Walileta chungu. Marando hayakutupwa, hilo halikujadiliwa. Mama aliyahamishia kwenye kiroba kando ya mchicha wa Modesta, akayaomba radhi kwa usumbufu. Kija akaleta mkaa. Mama akauponda kwa kipini cha jembe.

"Vidogo zaidi, mama. Kama punje za mahindi."

"Hili linaliwa?"

"Haliliwi."

"Linatibu?"

"Halitibu."

"Ng'ombe?"

"Hata ng'ombe hatalitaka."

"Sasa linafanya nini?"

Kija alifikiri. "Linapendeza," alisema. "Na linanisubiri nikitoka kazini."

Mama alipiga mkaa mara kadhaa. Kisha akaanza kujaza udongo kwenye chungu, kwa mikono ya mtu aliyepanda ekari zisizohesabika, akaukandamiza kwa viganja.

"Usishindilie, mama."

"Mimi napanda tangu hujazaliwa."

"Huo ni muhogo. Hili likishindiliwa linakosa pumzi. Toa, toa hapo. Na hilo shina usilizamishe, lilale juu juu, nusu lionekane."

Ilitoka kwa sauti ambayo Kija mwenyewe hakuitarajia. Aliinua macho kwa hofu. Mama yake alikuwa anamtazama kwa namna ya ajabu, kama mtu aliyesikia jina lake likiitwa kwa mbali.

"Haya," alisema mama, akautoa udongo. "Nifundishe. Na ule weupe kumbe si ugonjwa?"

"Si ugonjwa. Ndivyo lilivyoumbwa."

"Na ile kutu ya chini?"

"Ndiyo mbegu zake, tuseme. Halitoi ua, linatoa vumbi lile."

"Kwa hiyo nimezika mama na watoto wake wote!" Mama Paskazia alijishika kiuno. Kicheko kilianzia tumboni, kikapanda, kikamwangusha kwenye kigoda. "Bwana shamba asisikie! Mama Batobato amekwenda mjini, amezika pambo la watu! Katekista akisikia hii, ataipigia kengele!"

Kija naye akashindwa kujizuia. Walicheka wakiwa wamechafuka mkaa hadi viwikoni, na jiwe lile kubwa likawarudishia kicheko chao hadi Modesta akapiga kelele kutoka mbele, "Nyie huko nyuma, mteja wangu anatikisika, nitamsuka sikio!"

Kangaga likasimama chunguni, au tuseme likalala, kifundo cha kahawia na ngumi moja. Kija alilipulizia ukungu kidogo. Mama akanawa mikono kwenye ndoo, polepole, kidole kwa kidole, na kila kidole kilivyozidi kuwa safi ndivyo uso wake ulivyozidi kurudi kwenye heshima.

"Haya," alisema. "Namshukuru Mungu halikufa. Kesho baada ya misa nitaondoka. Nimeshakusalimia."

Kija alikuwa bado ameshika chupa. Alilikumbuka begi mlangoni. Alijua kwamba mama akishalipandisha kichwani, hakuna simu ya Jumapili itakayolishusha. Alifungua mdomo.

"Mama, huko mvua..."

Mama alisubiri, kwa uchovu wa mtu anayeujua wimbo.

Kija aliiweka chupa juu ya jiwe.

"Mama, nimekasirika," alisema.

Mama aligeuka mzima mzima.

"Nimekasirika sana. Ungeniuliza. Ua lilikuwa chumbani kwangu, kwenye chungu kizuri, dirishani. Nani anauweka ugonjwa kwenye chungu kizuri? Ungesubiri tu nirudi. Jana nimelia bafuni, nimefungua bomba usinisikie, nimemaliza maji ya siku mbili." Machozi yalikuwa yamemfika kidevuni, lakini maneno yalikuwa yameshika njia na hayakutaka kurudi. "Na nikikasirika sitaki uondoke! Unaondoka kwa nini? Kukasirika kwangu si kukufukuza. Kile si chumba cha wageni. Mimi sijawahi kuwa na mgeni. Nimekikodi kwa ajili yako, neti ile ni yako, kila Jumapili nataka kukwambia uje tukae wote, naishia kuuliza mvua. Mvua yenu mimi inanihusu nini, mama?"

Kule mbele redio ya Modesta ilikuwa imezimwa. Si ajabu hata mteja alikuwa ameshikilia pumzi.

Mama Paskazia, ambaye sauti yake ilikuwa inasimamisha ng'ombe ng'ambo ya mto, alifungua mdomo na hakikutoka kitu. Alikitafuta kigoda kwa mkono, akakaa. Akakunjua kitenge kilichokuwa na udongo, akakikunja, akakikunjua tena.

"Malimi nilimwambia nakwenda kusalimia," alisema hatimaye, chini chini. "Winnie naye hivyo hivyo. Alinifungia michembe mwenyewe, masikini, akaniuliza, mama, mbona unabeba na kigoda? Nikamwambia viti vya mjini vinaniumiza mgongo. Njia nzima nilikuwa nayapanga maneno. Nilipofika getini nikaona uso wako, yakapotea yote, nikasema habari za kuku."

"Maneno gani, mama?"

"Watu watauliza nani kanifukuza."

"Utawajibu nini?"

Mama alimtazama binti yake, uso umepakaa mkaa na machozi, nywele zimesimama, amekunja ngumi kama anayetaka kupigana. Tabasamu lilianza upande mmoja wa mdomo wa Mama Paskazia, likavuka taratibu hadi upande wa pili.

"Nitawajibu sikufukuzwa. Nimeitwa, tena kwa makelele." Akasimama, akajipangusa gauni, na sauti yake ikamrudia yote, ile ya mashambani, ikapanda ukutani hadi juu ya jiwe. "Sikuja kukusalimia, Kija. Nimekuja kukaa."